Nusu Bakuli la Wali: Tathmini ya Mgahawa Mmoja wa Mbuyuni, Moshi

Mgahawa ninaoutathmini hapa uko mjini Moshi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka soko la Mbuyuni, na hauna kibao mlangoni. Una meza saba, mabenchi yasiyo na egemeo, ndoo ya maji yenye bomba kwa ajili ya kunawa, na dirisha pana ambalo nyuma yake chakula hupakuliwa mbele ya macho ya mteja. Mwenye mgahawa, mama wa makamo ambaye wateja wote tunamwita Mama tu, aliniomba nisiutangaze kwa jina kwa kuwa masufuria yake yanawatosha wateja alio nao, nami nimeheshimu ombi hilo. Nimekula hapo kwa miezi mitano, siku nne au tano kwa wiki, na mara nyingi nimekula pamoja na baba yangu. Chakula ni kitamu, mahali ni pasafi, na mteja hasubiri zaidi ya dakika tano. Hayo nayasema kwa ufupi kwa sababu migahawa yenye sifa hizo ni mingi mjini, na siyo yaliyonifanya niandike.

Mwaka jana baba, mzee wa miaka 71 aliyeishi maisha yake yote kati ya migomba na kahawa huko Kibosho, aligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili. Muuguzi wa kliniki alimweleza kwa uvumilivu jinsi ya kuigawa sahani: nusu yake iwe mboga za majani na mboga nyingine zisizo na wanga mwingi, robo iwe wali, ugali, ndizi au viazi, na robo inayobaki iwe nyama, samaki, mayai au maharage. Alimwonyesha pia namna ya kuutumia mkono wake mwenyewe kama kipimo, yaani ngumi kwa wanga, kiganja bila vidole kwa nyama, viganja viwili vilivyounganishwa kwa mboga, na ncha ya kidole gumba kwa mafuta. Mbinu hii ya mikono hufundishwa katika nchi nyingi, na mojawapo ya namna zake zinazojulikana sana katika elimu ya kisukari ilitoka Zimbabwe, ambako watu hula sadza, ambayo ni ugali wetu kwa jina jingine. Habari hiyo ilimpendeza baba, kwa sababu aliona kuwa kipimo kimetoka kwa watu wanaokijua chakula chake.

Tulipotoka nje ya kliniki aliniuliza swali ambalo ndilo msingi wa tathmini hii. Alisema, "Mwanangu, nyumbani sawa, nitapima kwenye sahani yangu. Lakini nikishuka mjini, robo ya sahani ya mtu mwingine ni kiasi gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nikila mjini kila siku ya kazi kwa miaka mingi bila kujiuliza hata mara moja kilichowekwa mbele yangu kina uzito gani. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni inayotumia betri, nikaanza kuagiza chakula cha kubeba, mara mbili au tatu kwa wiki, na kukipima nyumbani kabla ya kula, kila aina peke yake. Nilianzia mgahawa niliouzoea wakati huo, ambao sitautaja wala kuueleza mahali ulipo. Wali wa bei ileile, ulioagizwa kwa maneno yaleyale, ulikuwa na gramu 290 siku moja na gramu 520 siku nyingine. Tofauti ilitokana na nani alikuwa nyuma ya sufuria, kama saa zilikuwa zimekwenda na wali umebaki mwingi, na pengine kama mpakuaji alinifahamu. Katika hali ya kawaida ukarimu huo ungestahili shukrani. Kwa mtu anayepaswa kukadiria wanga anaoula, ulifanya kila ninalojifunza leo lisinifae kesho.

Ndipo mwenzangu wa kazini akanipeleka Mbuyuni.

Kwa Mama, wali hupakuliwa kwa bakuli moja la stili ambalo hujazwa, hushindiliwa kidogo kwa mgongo wa kijiko, kisha hupinduliwa juu ya sahani ukasimama kama kichuguu. Ugali hukatwa kwa kibakuli kilicholowanishwa maji. Maharage na mchuzi huchotwa kwa upawa mmoja uleule, na vipande vya nyama huhesabiwa. Nilidhani mwanzoni kwamba alifanya hivyo kwa ajili ya afya za wateja, lakini nilipomuuliza alinijibu kwa uwazi kwamba ni hesabu ya biashara. Alisema, "Dada, nikipakua kwa macho, saa nane sufuria limekwisha na pesa haijatimia. Bakuli haliniongopei." Anajua kilo moja ya mchele wa Mabogini inatoa mabakuli mangapi, na kila jioni huhesabu mabakuli kuliko anavyohesabu wateja. Kipimo kilichowekwa ili kulinda faida yake kimekuwa, bila yeye kukusudia, huduma kubwa kuliko zote ninazozipata katika sehemu za kula mjini.

Nilipima wali wake kwa siku tisa tofauti. Uzito mdogo kabisa ulikuwa gramu 305 na mkubwa kabisa gramu 330. Wali uliopikwa una takribani gramu 28 za wanga katika kila gramu 100, hivyo bakuli moja la Mama lina karibu gramu 90 za wanga, ambazo ni sawa na zile za vikombe viwili vya wali vya kipimo cha kawaida. Kuna jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard, na humo mtu atapata ugali, ndizi, dagaa na vyakula vingine vyetu kwa majina yake. Hata hivyo, namba za majedwali ya namna hii hutolewa kwa gramu 100 za chakula, na hazimfai mlaji asiyejua sahani yake ina gramu ngapi. Hapo ndipo bakuli la stili linapoziba pengo. Nimelipima mara tisa ili baba asilazimike kulipima hata mara moja. Yeye anajua tu kwamba bakuli la Mama ni mara mbili ya kile anachotakiwa kula, na kwamba nusu yake inamtosha.

Ugali ulinipa kazi zaidi. Uzito wa tonge zima linalokatwa kwa kibakuli ni kati ya gramu 420 na 445, lakini wanga wake unategemea maji yaliyotumika, na hakuna jicho linaloweza kuyaona maji ndani ya ugali. Mama aliniambia kwamba kilo moja ya sembe yeye huisonga kwa lita mbili za maji, kidogo zaidi siku ambazo unga ni mkavu sana. Kwa kipimo hicho theluthi moja ya uzito wa ugali ni unga, na kwa kuwa unga wa mahindi una zaidi ya gramu 75 za wanga katika kila gramu 100, ugali mmoja kamili una takribani gramu 110. Namba hiyo ilimshangaza baba, ambaye siku zote aliamini kwamba ugali ni mwepesi kuliko wali kwa sababu hauna mafuta. Kwa uzito ulio sawa wala hakukosea sana, kwani ugali una maji mengi. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeletewa ugali wenye uzito sawa na wali. Ugali huletwa mkubwa zaidi, na kwa kuwa umeshikamana, huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Kuhusu ngumi, nawashauri wasomaji wafanye jaribio tulilolifanya nyumbani, kwa kuwa halihitaji chombo chochote cha ajabu. Nilijaza maji kwenye bakuli hadi ukingoni, nikaliweka ndani ya beseni kavu, nikazamisha ngumi yangu hadi kwenye kifundo, kisha nikapima maji yaliyomwagika kwa kikombe chenye alama. Ngumi yangu ilitoa mililita 260. Ya baba, mkono uliozoea jembe na panga, ilitoa 340. Kikombe kinachotumika katika maelezo mengi ya lishe kina takribani mililita 240. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba ngumi ni kikombe kimoja, maneno hayo yananikaribia mimi, lakini yatampotosha baba kwa karibu nusu kikombe. Hilo halinifanyi niidharau mbinu ya mikono, kwani mtu mwenye mwili mkubwa kwa kawaida ana mkono mkubwa na mahitaji makubwa pia, na zaidi ya yote mkono hausahauliki nyumbani. Linanifanya niseme tu kwamba kila mtu aijue ngumi yake kwa mililita angalau mara moja katika maisha yake.

Ngumi inafanya kazi vizuri sana kwenye wali uliosimama na kwenye ugali, kwa sababu vyote viwili vina umbo. Inafanya kazi vizuri zaidi kwenye ndizi, ambazo hapa kwetu ndizo chakula chenyewe. Siku za Jumanne na Alhamisi Mama hupika ndizi nyama za mshare, aina ya ndizi za kupika, na mshare hupikwa nzima au hukatwa mara mbili, kiasi kwamba mlaji anaweza kuhesabu. Ndizi moja iliyomenywa na kupikwa ilinipa gramu 70 hivi, zenye kati ya gramu 15 na 20 za wanga. Mama hupakua ndizi sita. Baba huomba tatu, na hakuna hesabu yoyote iliyo rahisi kuliko hiyo katika mji mzima wa Moshi.

Mtori ni habari nyingine, na hapa lazima niwe mkweli hata kama ninaupenda kuliko chakula chochote. Mtori ni ndizi zilizopondwa pamoja na nyama na mchuzi wake, na baadhi ya wapishi huongeza viazi au siagi. Ukishakuwa kwenye bakuli, ngumi haina la kupima, ndizi haziwezi kuhesabiwa tena, na mlaji huuchukulia kama supu, kitu cha kufungulia tumbo kabla ya chakula chenyewe. Nimewaona watu, nami nilikuwa mmoja wao, wakinywa bakuli la mtori kisha wakaagiza wali. Alama pekee niliyoipata ni uzito wake: kijiko kikizama mara moja, maji na mchuzi ndivyo vilivyo vingi, kijiko kikisimama, bakuli hilo ni ndizi, na lihesabiwe kuwa ndizi. Mtori wa Mama hutofautiana siku hadi siku kuliko chakula kingine chochote anachokipika, na ndiyo sehemu pekee ambayo bakuli lake la kupimia halisaidii, kwa sababu kinachobadilika kimo ndani ya sufuria. Kiburu chake, yaani ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja, kina shida hiyohiyo, ingawa maharage humo ndani hukiongezea protini na nyuzinyuzi.

Maharage yanastahili neno lake. Upawa mmoja wa Mama ni gramu 130 hivi pamoja na mchuzi. Muuguzi aliyahesabu upande wa protini, na ni kweli kwamba maharage yaliyopikwa yana gramu 8 au 9 za protini katika kila gramu 100, lakini yana pia gramu 20 hivi za wanga. Wanga huo humeng'enywa polepole na sehemu yake ni nyuzinyuzi, kwa hiyo simwombi mtu ayaogope. Ninachosema ni kwamba sahani ya wali maharage, ambayo ndiyo ya bei nafuu na ndiyo inayoliwa na watu wengi zaidi pale, ina zaidi ya robo ya wanga hata kama imegawanywa kwa unadhifu, na mwenye kuila apunguze wali zaidi kuliko yule anayekula wali kwa nyama.

Nyama haina tatizo. Vipande vitatu vya rosti, bila mfupa, vilikuwa kati ya gramu 80 na 110 kila nilipopima, kiasi ambacho kwa unene na upana kinalingana na kiganja changu. Inashangaza kwamba katika miji yetu chakula ambacho huuzwa kwa mizani mbele ya mteja ni nyama choma peke yake. Mtu huonyeshwa nusu kilo ya mbuzi ikining'inia kwenye mizani ya bucha na anaamini kwamba atakula nusu kilo. Anasahau kwamba nyama hiyo imepimwa ikiwa mbichi na ina mifupa, na kwamba motoni hupoteza sehemu kubwa ya maji na mafuta yake, mara nyingi robo ya uzito au zaidi. Kosa hilo, tofauti na makosa mengine yote niliyoyaeleza, humfanya mlaji adhani amekula kingi kuliko alivyokula.

Kuna siku moja ambayo ilinifundisha kuliko mizani. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, wateja walikuwa wengi na sahani za kawaida zilikuwa zimekwisha, hivyo tukapakuliwa kwenye sahani pana zinazotumika kwenye sherehe. Baba aliitazama sahani yake, akanong'ona, "Leo wametupunja." Niliomba chakula changu kifungwe, nikakibeba nyumbani na kukipima: gramu 316, sawasawa na siku nyingine zote. Kilichobadilika ni nafasi tupu iliyouzunguka wali. Mbelgiji Joseph Delboeuf alieleza mwaka 1865 kwamba mviringo uleule huonekana mdogo ukiwekwa ndani ya mviringo mkubwa zaidi, na mkubwa ukizungukwa kwa karibu, na sahani ya chakula ni mfano wa jambo hilo tunaoletewa kila siku mchana. Kwa sababu hiyo maelekezo ya robo na nusu hutolewa kwa sahani yenye upana wa sentimita 23 hivi. Robo ya sahani ya sherehe ni chakula kingi. Kabla ya kukadiria kilicho juu ya sahani, mlaji aitazame kwanza sahani yenyewe, na mimi sasa hulaza mkono wangu juu yake: kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, vidole vikiwa vimetanuliwa, ni sentimita 20, kwa hiyo sahani inayozidi shibiri yangu kwa vidole viwili ndiyo niliyoambiwa na muuguzi.

Sasa nifike kwenye sababu kubwa zaidi ya kuusifu mgahawa huu. Kwa Mama mtu anaweza kuagiza nusu bakuli, na nusu hiyo ina bei yake. Wali kamili kwa nyama ni shilingi 3,500 na wali nusu kwa nyama ileile ni shilingi 2,800; wali maharage ni shilingi 2,000 na nusu yake ni 1,500. Watu watasema kwamba mlaji angeweza kununua sahani kamili na kuacha nusu. Hawamjui baba yangu, wala hawawajui wazee wa rika lake. Amelelewa kuamini kwamba kubakiza chakula ni kumdharau aliyekipika na aliyekilima, na sioni kwamba amekosea. Tena, si wazee peke yao. Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani walichapisha mwaka 2002 utafiti ambao watu wazima walipewa chakula cha makaroni na jibini kwa vipimo vya ukubwa mbalimbali katika siku tofauti; walipopewa kipimo kikubwa kabisa, ambacho kilikuwa mara mbili ya kile kidogo, walikula nguvu-chakula asilimia 30 zaidi. Chakula kikishafika mezani mashauri yamekwisha. Kipunguzwe kikiwa bado kwenye sufuria, kwa maneno yanayosemwa dirishani bila aibu: "Mama, naomba wali nusu, mboga ongeza."

Nasema bila aibu kwa sababu aibu ipo. Mara ya kwanza baba alipoomba nusu, kijana anayepakua alimwuliza kwa heshima, "Shikamoo babu, ni pesa imepungua? Nitakuongezea tu." Baba alikaa kimya. Mama alimwita kijana pembeni, na tangu siku hiyo baba akifika dirishani hupakuliwa nusu bakuli la wali, vijiko viwili vikubwa vya mnavu au mchicha, na vipande vyake vitatu, bila kuulizwa chochote. Sijui mgahawa mwingine ambao kijana wa kupakua amefundishwa kwamba kuomba kidogo si kuwa na kidogo.

Zipo kasoro, na ya kwanza ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takribani kilokalori 120, zaidi ya robo ya zile zilizomo katika bakuli zima la wali, na mafuta yakishaingia kwenye mnavu au mchicha hayaonekani. Ncha ya kidole gumba ni kipimo kizuri cha mafuta yaliyo kwenye kijiko. Haina msaada kwa mafuta yaliyo kwenye sufuria la mtu mwingine. Njia niliyonayo ni kuangalia kinachobaki: mboga zikiisha na sahani ikawa inateleza na kung'aa, najua. Mboga za Mama huacha sahani iking'aa. Nimemweleza mara mbili, naye amesema wateja hulalamika mboga zikiwa kavu, na ninaamini anasema kweli. Ya pili ni pilau la Ijumaa, ambalo hupakuliwa kwa kijiko kikubwa badala ya bakuli kwa sababu, kwa maelezo yake, pilau likishindiliwa huharibika na nyama hubaki chini. Siku hiyo mgahawa huu unakuwa kama mingine yote. Niliwahi kupima pilau mara tatu nikapata gramu 380, 465 na 410, na sikuendelea.

Kasoro ya tatu iko kwenye vinywaji. Soda ya chupa ya mililita 350 ina kati ya gramu 35 na 40 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu-chakula ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi. Angalau soda ina kipimo kilichoandikwa. Juisi ya ukwaju ya Mama hutiwa sukari kwa mkono, na hapo nimeshindwa kabisa kukadiria. Tunakunywa maji.

Baba hupima sukari yake saa mbili baada ya tonge la kwanza, siku anazoweza kumudu vijiti vya kupimia, kwa kuwa bei yake si ndogo. Siku za mgahawa wa zamani mashine ilisoma zaidi ya milimoli 13 kwa lita mara kadhaa. Siku za nusu bakuli imesoma kati ya 8 na 9.5, chini ya 10 aliyoambiwa na kliniki asiipite. Dawa zake hazikubadilishwa katika kipindi hicho, lakini yeye ni mtu mmoja, na alianza pia kutembea zaidi, kwa hiyo sidai kwamba bakuli peke yake ndilo lililofanya kazi hiyo. Na jambo hili nalisema kwa uzito: mtu anayetumia insulini, au vidonge vya aina inayoshusha sukari hata mtu asipokula vya kutosha, asipunguze wanga kwa ghafla kwa sababu amesoma maandishi yangu. Azungumze kwanza na daktari au muuguzi wake, kwa sababu sukari ikishuka mno hatari yake huja kwa dakika.

Ningemwomba Mama jambo moja tu, na nimeshamwomba: aandike kwenye karatasi na kuibandika kando ya dirisha kwamba nusu bakuli ipo. Kwa sasa anayeijua ni yule aliyeambiwa na mwenzake, na kila mchana nawaona dirishani akina baba na akina mama wa umri wa baba yangu, wengine wakiwa na kadi za kliniki mfukoni, wakipokea bakuli zima kwa sababu hawakujua kwamba wangeweza kuomba nusu. Alicheka, akasema mwandiko wake ni mbaya. Nimeahidi kumwandikia mimi.

Mgahawa hufunguliwa saa tano na nusu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Ndizi ni Jumanne na Alhamisi, mtori ni kila siku, na pilau ni Ijumaa. Anayemleta mzazi wake afike kabla ya saa saba na nusu mchana, kwa sababu mnavu huisha kabla ya wali, na mboga zikiisha kinachobaki kujaza ile nusu nyingine ya sahani ni wali mwenyewe.